Mabingwa na wanagenzi wa tovuti wasitenganishwe

Miongoni mwa mambo mema yanayotendeka katika miji yetu bila ya kupigiwa ngoma ni mikutano ya wajenzi wa tovuti. Mara moja kwa mwezi hivi, aghalabu Jumamosi, watu ishirini au thelathini hukusanyika katika chumba cha kuazima, huyu na tarakilishi yake, yule na simu tu, wakafundishana kazi. Hapana karo, hapana mtihani wala hapana mwalimu mkuu. Mtu aliyekwisha kujenga tovuti za makampuni huketi ubavuni mwa kijana ambaye jana ndiyo kwanza asikie kwamba tovuti huhitaji jina lake na mahali pa kuwekwa. Mwenye duka la vitambaa huja na swali lake, katibu wa kanisa na lake, na mwanafunzi wa chuo kikuu huja kwa sababu ameambiwa kwamba hapo ndipo kazi hupatikana.

Ninalotaka kulitetea hapa ni huko kuketi pamoja. Kwa muda sasa husikika maoni, hasa kutoka kwa waliobobea, kwamba mikutano hiyo igawanywe kwa daraja: wanagenzi wawe na siku yao, wa kadiri siku yao, na mabingwa wakutane peke yao wapate kuzungumza mambo mazito bila ya kukatizwa na mtu anayeuliza nenosiri lake aliliandika wapi. Maoni hayo yana mantiki yake, na wanaoyatoa si lazima wawe watu wa kiburi. Hata hivyo, naamini kwamba siku mikutano hiyo itakapogawanywa ndiyo siku itakapoanza kufa, na hasara yake haitawafikia wajenzi peke yao. Itamfikia kila mwenye duka, shule, chama cha akiba na mikopo au zahanati ambaye jina lake mtandaoni limo mikononi mwa fundi asiyemfahamu vyema.

Jiji la Nairobi lina kundi la namna hiyo la watumiaji wa WordPress, nami nitalichukua kuwa mfano, maadamu programu hiyo ndiyo inayoendesha zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani. Ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 27 Mei 2003, na asili yake yafaa kukumbukwa. Kulikuwako programu ndogo iliyoitwa b2, ambayo mtungaji wake, Michel Valdrighi, alikuwa ameacha kuishughulikia. Matt Mullenweg, mwanafunzi wa miaka 19 huko Houston, Marekani, akaandika hadharani kwamba alitamani kazi hiyo iendelezwe. Aliyemwitikia alikuwa Mike Little, mtu mzima wa Uingereza aliyekuwa na uzoefu wa miaka mingi katika kutunga programu. Wawili hao hawakuwa wameonana ana kwa ana. Kijana na mzoefu wakaiokota kazi iliyoachwa njiani, nayo ikawa chombo cha dunia nzima, chombo kinachopatikana bure chini ya leseni iitwayo GPL, ambayo humruhusu mtu yeyote kukitumia, kukichungua, kukibadilisha na kukigawa.

Makundi ya miji yanayojiunga na mpango rasmi wa WordPress hukubali masharti machache. Mikutano iwe kwa manufaa ya jumuiya yote, si ya kampuni fulani wala mtu fulani. Uanachama uwe wazi kwa yeyote atakaye, bila ya kujali ujuzi wake wala uzito wa mfuko wake. Waandalizi na wasemaji wawe watu wa kujitolea. Mwanachama yeyote anayeaminika aruhusiwe kuandaa mkutano, na pasiwe na ubaguzi wala bughudha. Ni masharti mepesi kuyasoma, mazito kuyatimiza, na hilo la pili ndilo linalotikiswa na wale wanaotaka mikutano ya daraja daraja. Watajibu kwamba hawamfukuzi mtu, wanampangia tu siku yake. Lakini mwanagenzi aliyepangiwa siku ambayo hakuna bingwa hata mmoja amepangiwa nini hasa?

Wakenya hatuhitaji kwenda mbali kutafuta jibu. Nenda Kamukunji, karibu na kituo cha mabasi cha Machakos, utazame masanduku, majiko na karai zinavyotengenezwa. Kijana mgeni haanzi kwa somo. Huanza kwa kushika upande wa pili wa bati wakati fundi anapokata. Siku nzima masikio yake yanaungua kwa kelele za nyundo, macho yake yakijifunza mambo ambayo fundi mwenyewe hajui kwamba anayafundisha: namna ya kuipima kona bila ya rula, namna ya kumjibu mteja anayetaka bei ya chini, namna ya kulikataa bati bovu kwa kuligonga tu. Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi hao mwaka wa 1985, aliagiza wajengewe vibanda vya kuwakinga na jua. Mwaka wa 1992 Serikali ikachapisha Waraka Nambari 2 uliohusu biashara ndogo na sekta ya jua kali, na watu wazima wa ofisini wakaanza kuandika kwa heshima juu ya kazi iliyokuwa ikifanywa miaka mingi bila ya heshima hiyo. Mfumo uliokuwa umeilea kazi hiyo ulikuwa mmoja tu: anayejua na asiyejua wako chini ya kivuli kimoja, kama vile fundi wa jahazi wa Lamu na kijana wake walivyo chini ya mkwiro mmoja wa mbao.

Lugha yetu nayo ina neno lake. Wataalamu walipotafuta istilahi ya jina la tovuti, lile linaloandikwa kwenye kivinjari ili ukurasa ufunguke, walichukua neno kikoa, na sasa twasema jina la kikoa. Sina hakika kama walilichagua kwa kukumbuka maana yake ya zamani, lakini watu wa Pwani waijua. Kula kikoa ni kula kwa zamu: leo chakula kwangu, kesho kwako, na kila aliye katika shirika hilo hutoa kadiri yake na hula pamoja na wenzake. Mwenye wali wa nazi hapangiwi siku tofauti na mwenye muhogo. Mkutano wa wajenzi wa tovuti ni kikoa cha namna hiyo, na atakayewatenga wenye muhogo ajue kwamba amekwisha kuanzisha mkahawa.

Wapo wanaodhani kwamba anachokikosa mwanagenzi asipokaa na mabingwa ni elimu ya juu. Sivyo. Elimu ya juu imejaa mtandaoni, na mwenye subira ataipata usiku akiwa kitandani. Anachokikosa ni kuulizwa swali ambalo hakujua kwamba linafaa kuulizwa.

Tuchukue suala la jina. Mwenye biashara anamlipa kijana amjengee tovuti. Kijana ananunua jina la kikoa kwa wakala, na fomu ikimtaka aandike mwenye jina, anajiandika yeye mwenyewe, anwani yake ya barua pepe na nambari yake ya simu. Mara nyingi hafanyi hivyo kwa hila. Ni njia ya mkato tu, kwani mteja hana muda wa kujaza fomu. Miaka miwili baadaye kijana amepata ajira Qatar, simu yake haipatikani, ada ya mwaka haikulipwa, na jina ambalo limepakwa rangi kwenye gari la kampuni, likachapishwa kwenye risiti na kutangazwa redioni linamwonyesha mteja ukurasa mtupu. Au hata zaidi, limenunuliwa na mtu mwingine. Mwenye biashara akienda kulalamika, ataulizwa: jina limesajiliwa kwa nani? Shirika la KENIC, linalosimamia majina yote yanayoishia na .ke, hufanya kazi kupitia mawakala wenye leseni, na daftari ndilo linaloamua. Namjua mzee mmoja mwenye biashara ya mbao aliyelipa mara tatu ya gharama ya tovuti yake ili kulikomboa jina la duka la baba yake.

Somo hili halimo katika kozi nyingi. Limo vinywani mwa mafundi walioliona likitokea. Katika mkutano wa mchanganyiko hujitokeza lenyewe: mwanagenzi anasimulia kwa furaha kwamba amepata mteja wake wa kwanza, na bingwa aliyekaa nyuma anamuuliza, “Jina umeliandika la nani?” Chumba kinanyamaza kidogo. Mkutano wa wanagenzi watupu ungalimpigia makofi, na mkutano wa mabingwa watupu usingalilizungumza kabisa, kwa kuwa kila mmoja wao alikwisha kulijua.

Hali ni hiyo hiyo katika malipo. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka wa 2007, mteja wa Kenya amezoea kulipa kwa simu, na mwanagenzi huona kwamba akishaandika nambari ya kulipia kwenye ukurasa wake kazi imekwisha. Mnunuzi atalipa, atatuma ujumbe wa uthibitisho, atapelekewa bidhaa. Fundi mwenye makovu atamweleza kwamba ujumbe wa uthibitisho huweza kughushiwa na mtoto wa shule, na kwamba tovuti inapaswa kuuliza yenyewe kwenye mitambo ya Safaricom iwapo fedha zimeingia kweli. Njia ya kuuliza ipo na huitwa Daraja. Kuiunganisha kuna vikwazo vyake ambavyo hakuna kitabu cha Marekani kitakachokueleza, maana mtungaji wa kitabu hicho hajawahi kulipa nauli ya matatu kwa simu.

Na picha je? Simu za siku hizi hupiga picha yenye uzito wa megabaiti nne au tano. Mwanagenzi hupandisha kumi za namna hiyo kwenye ukurasa mmoja wa duka lake la viatu, akautazama kwa kutumia intaneti ya ofisini, akaona umependeza. Mteja wake wa Kitui aliyenunua bando ya shilingi ishirini ataumaliza mgao wake kabla ya kukiona kiatu cha sita. Kuzipunguza picha hizo ni kazi ya dakika tano. Kuambiwa kwamba kazi hiyo ipo ndiko kunakohitaji mtu wa kukaa karibu nawe, akaifungua tovuti yako katika simu yake ya bei nafuu, akangoja, akangoja tena, halafu akakutazama.

Ningeweza kuongeza habari za nakala za akiba, za programu jalizi zisizosasishwa ambazo ndizo mlango mkubwa wa wezi katika tovuti za WordPress, na za sheria ya mwaka wa 2019 ya kulinda data ya kibinafsi, ambayo wajenzi wengi wadogo hawajaisoma ilhali kila fomu wanayoiunda inakusanya majina na nambari za watu. Lakini hoja imekwisha kuonekana.

Sasa tuwasikilize mabingwa, maana wao pia wana haki. Wanasema wamechoka. Mtu aliyefanya kazi hii miaka kumi na tano hafurahii kutumia Jumamosi yake kueleza kwa mara ya mia tofauti kati ya jina la tovuti na mahali inapowekwa. Wanataka mtu wa kubishana naye juu ya mambo yanayowaumiza kichwa wao. Hilo ni ombi la haki, na linaweza kutimizwa katika chumba kile kile: saa moja ya mada ya wote, kisha meza mbalimbali, hii ya wanaoanza, ile ya wenye matatizo mahususi, na nyingine ya wale wanaotaka kuzama. Tofauti kati ya meza na siku ni kubwa. Mwenye kuchoka katika meza ya mwanzo anaweza kusimama, kwenda nyuma ya meza ya mabingwa, akasikiliza bila ya kuelewa nusu ya yanayosemwa, na kurudi nyumbani na hamu. Ukimpangia siku yake, umemnyima hata haki ya kutoelewa.

Isitoshe, huo ubingwa si mali ya kudumu. Mnamo Desemba 2018 WordPress ilitoa toleo la 5.0, lililobadilisha kabisa mahali pa kuandikia kurasa na kuleta mtindo wa kupanga vipande kimoja baada ya kingine. Waliokuwa mafundi kwa miaka mingi walijikuta wakitafuta vitufe vilivyohama, wengine wakakasirika, wengine wakaikataa. Waliokuwa wapya kabisa hawakuwa na la kusahau, nao wakaenda mbele. Asubuhi moja tu ilitosha kuwachanganya wa daraja zote, na makundi yaliyokuwa yamezoea kuketi pamoja yalikuwa na nani wa kumuuliza. Mabadiliko mengine yatakuja. Fundi anayemdharau mwanagenzi wa leo anamdharau mtu ambaye huenda akamhitaji mwaka ujao.

Baadhi ya wasomaji huenda wakauliza kama mikutano hii ingali na maana katika zama hizi za akili unde, ambapo mashine huulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiswahili, ikaandika hata msimbo wa tovuti nzima. Ni swali zuri. Mashine hizo zina faida kubwa, na mwanagenzi asiyezitumia anajichelewesha. Lakini mashine hujibu ulichouliza. Haikuoni ukikunja uso. Haijui kwamba mteja wako ni shangazi yako na kwamba fedha alizokupa ni za mgao wake wa chama. Tena imerahisisha sana kazi ya kujenga na kuiacha ngumu vile vile kazi ya kutunza, hata sasa tuna tovuti nyingi zinazozaliwa kwa alasiri moja zisizo na mtu anayejua zimefungwaje wala zitafunguliwaje zikikwama. Anayetengeneza haraka zaidi ndiye anayehitaji zaidi mtu wa kumwambia ngoja.

Nikiyasema hayo sitaki kuipamba mikutano hii kupita kiasi. Inayo maradhi yake. La kwanza ni biashara iliyovaa kilemba cha elimu: msemaji anasimama kufundisha usalama wa tovuti, na kufikia dakika ya kumi kila njia inaelekea kwenye huduma anayoiuza yeye. Wanagenzi ndio mawindo, kwa kuwa hawana kipimo cha kupimia. Hapa pia mchanganyiko ni kinga. Mbele ya mabingwa watatu walionyamaza wakiwa wamekunja mikono, muuzaji hujichunga. Mpe chumba cha wanagenzi peke yao, atauza hadi kiti alichokalia. Sharti lile la kwanza, kwamba mikutano si ya kampuni yoyote, halilindwi na maandishi bali na watu wanaoweza kutambua uongo.

Maradhi ya pili ni kuwaacha nyuma wanawake. Nairobi haikosi wanawake wa kazi hii. Shirika la AkiraChix, lililoanzishwa mwaka wa 2010 na wanawake wanateknolojia wa humu humu jijini, limefundisha wasichana wengi kutunga programu. Lakini mkutano unaoanza saa kumi na mbili jioni katikati ya jiji na kumalizika saa tatu usiku umekwisha kuchagua nani atahudhuria, hata kama mlangoni imeandikwa karibuni nyote. Na endapo daraja zitawekwa, nahofia kwamba mwanamke atakayeingia ataelekezwa kwenye chumba cha wanaoanza kabla hajafungua mdomo, hata kama amekuja kufundisha. Wanawake wa fani hii wamelisema jambo hilo mara nyingi, na halihitaji uchunguzi kulisadiki.

Lugha nayo ina neno. Mikutano mingi huendeshwa kwa Kiingereza, kisha wakati wa mapumziko, chai ikishamiminwa, maswali ya kweli hutoka kwa Kiswahili. Mwaka wa 2004, watu waliohusiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, kazi iliyoonyesha kwamba istilahi zinaweza kupatikana pakiwa na nia. WordPress pia hutafsiriwa na watu wa kujitolea, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha hizo. Lakini nani atakayetuambia kama neno limekubalika? Sisi husema tarakilishi na jirani zetu wa Tanzania husema kompyuta. Hawa huandika nenosiri, wale nywila. Bingwa aliyekwisha kuzoea menyu za Kiingereza hawezi kutuamulia, kwani haoni tena maneno, anaona mahali pa kubofya. Anayeweza ni mama wa duka la vitambaa anayesoma neno kwa mara ya kwanza na kusema kwamba halimwelezi chochote. Tafsiri njema zinahitaji kutojua kwake sawa na zinavyohitaji ujuzi wa mwalimu wa lugha.

Mwaka wa 2024 ulileta funzo jingine. Mwezi wa Septemba, Mullenweg aligombana hadharani na kampuni ya WP Engine, inayohifadhi tovuti nyingi za WordPress. Wateja wa kampuni hiyo wakazuiwa kwa muda kupata masasisho kutoka kwenye tovuti ya WordPress.org, na mwezi uliofuata kampuni ikaenda mahakamani California. Sina nia ya kumhukumu yeyote. Linalotuhusu ni kwamba fundi wa Nakuru ambaye hakuwa na upande katika ugomvi huo aliamka asubuhi asijue kama tovuti za wateja wake zingesasishwa. Leseni huru ilihakikisha kwamba hakuna awezaye kumnyang'anya programu yenyewe. Haikumhakikishia mtu wa kumpigia simu. Huyo hupatikana katika mkutano wa mjini kwake, na hupatikana haraka zaidi pale ambapo watu wamekwisha kujuana bila ya kuulizana vyeo.

Limebaki suala la mahali, ambalo ndilo linaloyaua makundi mengi kuliko ugomvi wowote. Ukumbi wa kukodi hulazimisha kiingilio, na kiingilio humfukuza yule yule ambaye mlango uliachwa wazi kwa ajili yake. Vyumba vya makampuni hutolewa kwa ukarimu, kisha mkurugenzi hubadilika na ukarimu ukahama naye. Hata iHub, kituo kilichofunguliwa mwaka wa 2010 kwenye barabara ya Ngong na kuwa kama nyumbani kwa wanateknolojia wa Nairobi, kilichukuliwa mwaka wa 2019 na CcHUB ya Lagos. Hilo si kosa la mtu. Vituo vya namna hiyo vina gharama na vina wenyewe. Ila jumuiya isiyo na mwenyewe haiwezi kutegemea milele sebule ya mwenye nyumba.

Mahali panapofanana nayo ni maktaba ya umma. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Nairobi ina McMillan, iliyofunguliwa mwaka wa 1931, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara yaliyo karibu na watu wasio na nauli ya kwenda Westlands. Miji mingine ina matawi ya maktaba ambayo Jumamosi alasiri huwa na viti vitupu zaidi ya wasomaji. Serikali za kaunti zimezoea kutangaza vituo vya ubunifu kwa kukata utepe, zikanunua mashine ambazo baada ya mwaka mmoja hufunikwa kwa kitambaa. Kwa ajili ya jambo hili hazihitaji kununua hata kipanya kimoja. Zinahitaji kutoa chumba chenye viti thelathini, soketi zinazofanya kazi, choo kisichofungwa, na ruhusa ya kubaki hadi saa kumi na moja jioni.

Waandalizi nao wasingoje kuitwa. Waiandikie idara ya kaunti inayohusika barua ya ukurasa mmoja, wataje Jumamosi ipi ya mwezi wanayoiomba, waahidi kwamba hakuna atakayetozwa senti wala kuuziwa kitu, na waeleze kwamba mlango utakuwa wazi kwa yeyote atakayekuwamo maktabani siku hiyo, hata aliyeingia kusoma gazeti tu na kushawishika na sauti za chumba cha pili.